Yale Mapigo Niliyapanga Mimi

Jumamosi, Bariadi. Mvua imegoma tangu asubuhi, joto limekaa juu ya bati, na mimi nina hasira.

Nimetoka Sapiwi, kwenye harusi ya binti wa dada yangu. DJ kapiga wimbo mpya wa vijana wa Dar, na chini ya sauti zao nikasikia mapigo yangu: besi nzito mbili, makofi makavu, kisha kimya kidogo. Wameyanyofoa kwenye kaseti ya kwaya yetu ya zamani. Uwanja mzima ukainuka kucheza.

Hapo nilifurahi. Vijana wana kompyuta zenye milio ya kila aina, bado wanaurudia ule wa mashine ya ngoma, kile kisanduku cha vitufe kinachojipigia ngoma chenyewe. Nawaelewa. Ni mlio mkavu, hauchoki, na unaacha nafasi mguu utue.

Kisha Mzee Ngwashi, aliyekuwa mwenyekiti wa kwaya, akashika maikrofoni. "Mapigo hayo niliyapanga mimi!" Akapigiwa vigelegele.

Mwongo.

Mashine ile tuliipata miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Kwaya iliinunua Mwanza, ikiwa imeshatumika. Wanaume waliiogopa, wakasema hiyo si ngoma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa nayo wiki tatu nikipanga mapigo, kila nikitoka kuchuma pamba, vidole vimejaa mikwaruzo. Kaseti ilipotoka, kwenye jalada kulikuwa na jina la Ngwashi.

Nilinyamaza. Aibu hiyo ni yangu.

Leo nimemfuata mbele ya watu. "Mzee Ngwashi, kwa nini baada ya makofi pana kimya?"

"Mapambo tu, mayu." Ndiyo mama, kwa Kisukuma chetu.

"Si mapambo. Kitufe kimoja kilikuwa kimekufa, ndiyo maana nililiruka pigo lake."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Baadaye alinikuta nikinawa mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Kabula, si ungesema siku zile."

"Ningesema, ungeniacha kwenye kwaya?"

Akatazama chini. Akarudi uwanjani.

Nilidhani nikimwaibisha nitapoa. Sijapoa. Miaka yote hiyo nimemsalimia kanisani, nimemshika mkono, nimemwita mzee wangu.

Kesho kanisani, wakati wa matangazo, nitasimama niseme nani aliyapanga. Atakayenuna, anune.