Mama Mkwe Aliisalimia Televisheni, Sasa Anafungasha

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mkwe wangu amesema anarudi kwake, na kwake hakuna mtu, alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, na mimi sitaki aondoke, nampenda, wala hatujagombana hata siku moja.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, na haya yote yalianza alipotundika televisheni pana ukutani, akaiunganisha na kompyuta, simu zetu, spika na intaneti, akasema sasa mpira, muziki, sinema na picha za harusi vyote viko humo humo, na ile ya zamani akampa jirani. Rimoti yake karibu haina vitufe, unaiambia unachotaka nayo inatafuta, basi jioni moja tuna wageni, mama akaishika akasema, "Hujambo mwanangu? Samahani kwa usumbufu, naomba taarifa ya habari," ikamletea somo la kuoka keki. Wageni wakacheka, mume wangu akacheka kuwazidi, akamwambia, "Mama, hiyo mashine, haisalimiwi." Mama naye alicheka, lakini tangu hapo hajaigusa.

Mume wangu alijuta, si mtu mbaya, akamnunulia tableti yake mwenyewe yenye tamthilia zake zote, aangalie saa anayotaka, na mimi nikahamishia cherehani chumbani ili sebule iwe yake nisimpigie kelele, sasa nashona huku naangalia kwenye simu tamthilia ile ile tuliyokuwa tukiangalia naye, spika za masikioni nimezivaa, na binti yetu naye yuko chumbani kwake na kompyuta. Mama tableti ameifunika kitambaa. Anakaa sebuleni kimya, ukimuuliza anasema, "Nyie mna kazi zenu, mwanangu, sitaki kuwa mzigo." Jana nimemkuta anakunja nguo zake, roho imeniuma sana. Mume wangu anasema tumtafutie rimoti yenye vitufe vikubwa. Mshauri, tununue ya aina gani?

Ni mimi, mkaza mwana fundi cherehani


Mkaza mwana,

Msinunue kitu. Pole kwa yaliyokupata, na mapenzi yako kwa huyo mama nimeyaona, kwa hiyo nivumilie nikuseme kidogo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mama alipoomba rimoti, sikupaona. Wala sikuona alipolalamikia kelele za cherehani. Wewe ndiye uliyemhurumia bila kumuuliza, ukabeba cherehani ukaenda zako, ukamwachia sebule nzima na kochi. Mama wa watu alikuja kwenu akikimbia nyumba yenye ukimya, nanyi mmemtengenezea nyingine, tena kwa gharama. Vyombo vyenu vyote vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, na watu kila mmoja amejifungia chumbani kwake.

Mumeo amwombe mama yake radhi, tena akiwa amekaa chini, simu ameiweka pembeni. Nani alimfundisha yeye kusalimia kabla ya kuomba kitu? Mwanamke huyo huyo. Halafu akamcheka mbele ya wageni kwa adabu aliyoipata kwake. Kununua tableti kulikuwa rahisi kuliko kusema samahani, na mama anajua hivyo.

Wewe cherehani irudi sebuleni leo hii. Spika hizo zitoe masikioni. Binti awe anawasha televisheni jioni, na yeye abaki hapo hapo, hata kama ananuna.

Usianze kumbembeleza mama asiondoke. Atakujibu hataki kuwa mzigo, utalia, atakunyamazisha, na Jumamosi itafika begi liko mlangoni. Kaa ushone. Tamthilia ikianza muulize, "Mama, hivi huyu bwana alimfanya nini mkewe? Mimi nilipitwa." Kisha unyamaze akueleze mpaka amalize, hata kama unajua.