Mume Wangu Anataka Kuchimbua Pale Panapodidimia

Shangazi Dorkas, shikamoo. Nimeanza kuandika ujumbe huu mara nyingi nikaufuta, leo nauandika jikoni mume wangu akiwa kazini, nakuomba uusome wote hata kama ni mrefu, maana sina mwingine wa kumwambia.

Tunaishi nje kidogo ya Iguguno, na mume wangu, nitamwita Melkiori, ni dereva wa trekta la mkulima mmoja wa alizeti. Mvua za mwaka jana nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, uchungu ukanishika, gari la kunipeleka zahanati likafika barabara kubwa likashindwa kuingia kwetu kwa sababu njia yetu ilikuwa makorongo matupu, wakanibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwenye gari, tukachelewa, na mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi.

Kwetu mtoto wa namna hiyo hatangaziwi msiba, wanawake ndio wanaomzika na wanaume hawaulizi. Mama mkwe na wifi yangu Aneth walimzika kando ya njia ya kuingilia nyumbani, karibu na uzio wa minyaa, shimo la kufika magotini, wakasawazisha juu pasiwe na tuta wala jiwe. Nilionyeshwa mahali nikaambiwa nisimtajie mwanamume, nikimtajia sitashika mimba tena. Sikumtajia, naye hakuuliza.

Ila Melkiori alibadilika, mtu wa utani akawa mtu wa kula kimya. Kiangazi bosi wake akanunua bledi ya boksi, ni chuma kama sanduku lisilo na mfuniko, kinafungwa nyuma ya trekta, kina makali ya kukwangua udongo na meno ya kuchimbua, na mume wangu akaruhusiwa kuja nayo nyumbani Jumamosi moja. Akawa anakwangua vilima vya njia yetu, udongo unajaa kwenye boksi anaumwaga kwenye makorongo, anaenda anarudi, anashuka kuangalia kama pamelingana, anapanda tena, na shangazi nilimsikia anapiga mluzi. Nilifurahi mpaka nikatoka kumpelekea uji, ndipo nikaona ameipanua njia mpaka kwenye minyaa na ameshapita pale. Udongo wa juu ya mwanangu ulikuwa kwenye boksi. Nilisimama na kile kikombe. Akaniambia sasa gari litafika mpaka mlangoni, nikamjibu umefanya kazi nzuri.

Akamwaga moramu, njia ikapendeza, majirani wakaja kuisifia, ila mimi siwezi kuikanyaga. Napita shambani nyuma ya minyaa hata nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Mwanzoni alinitania kwamba naogopa kuichafua, baadaye akaacha, na juzi aliniona natoka kwenye alizeti na matope miguuni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi hii barabara nilimtengenezea nani?" Nikaenda kunawa miguu. Tangu siku hiyo analala amenipa mgongo.

Sasa mvua zimeanza na pale pale panadidimia, maji yanatuama. Ameongeza moramu, pamedidimia tena. Anasema chini kuna udongo laini na kufukia juu tu hakusaidii, kwa hiyo Jumamosi hii atashusha meno ya bledi mpaka mwisho achimbue aone kuna nini, kisha ashindilie upya. Shangazi, nikinyamaza atamfikia. Nikisema, nitaanzaje kumwambia mtu kwamba kazi aliyoifanya kwa ajili ya mtoto wake ameifanya juu ya mtoto wake? Mama mkwe anasema nitafute sababu nyingine ya kumzuia. Sijaipata, na siku zinakwisha.

Mama wa Iguguno

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kufiwa kwanza, maana naona hakuna aliyekupa. Ulizaa, ukafiwa, ukarudi jikoni.

Nimeutanguliza ujumbe wako mbele ya mingine ili jibu lake ulisome leo Alhamisi. Sasa nisikilize, na nitakugombeza kidogo. Sababu nyingine haipo, acha kuitafuta. Ukimdanganya Jumamosi hii, mvua itanyesha, patadidimia tena, na hakuna dereva wa trekta anayekubali kuishi na shimo mlangoni kwake. Mama mkwe wako simlaumu, alifanya alivyofundishwa, na alimzika mjukuu kwa mikono yake. Lakini kutaja kaburi hakuzuii mimba. Kilichowachelewesha ni yale makorongo, na Melkiori alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alileta trekta.

Unasema hakuuliza. Angemuuliza nani, wakati ameambiwa tangu utoto kwamba mwanamume haulizi? Mimi usiyenijua umeniambia mtoto alikuwa wa kike mwenye nywele nyingi. Baba yake umemwambia? Unadhani unamhurumia, kumbe unamnyima. Yeye anaamini umeikataa kazi yake, au umemkataa yeye mwenyewe, na hilo analala nalo kila siku.

Lile linalokutesa nalijibu wazi. Akisawazisha njia, bledi hukwangua udongo wa juu tu, na wenzako walichimba mpaka magotini. Mtoto wako hajatoka alipolazwa. Lakini meno yakishushwa mpaka mwisho, tena mahali palipokwisha kulainika, siwezi kukuahidi hivyo. Huna wiki nyingine ya kufikiria.

Leo hii mwambie mama mkwe kwamba utasema. Unampa taarifa kwa heshima, huombi ruhusa. Jioni mumeo akirudi, aoge, ale, ndipo umwambie, wewe mwenyewe na si Aneth. Usianze na trekta, anza na mtoto, alivyokuwa. Kisha mwambie alipo, na kwamba humlaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Kesho kukipambazuka mpeleke, na mpite barabarani. Kazi ya njia anaijua kuliko mimi na wewe: ataisogeza upande wa pili, atainamisha bledi ili maji yaelekee huko huko yasituame kwenye minyaa, na pale panapodidimia mtapajaza udongo kwa jembe, ninyi wawili, mpazungushie mawe. Njia ikipinda kidogo gari bado litafika. Na siku ukishika mimba nyingine, wahi kliniki, uwaulize mapema wapi ukasubirie uchungu.

Ukishamwambia huenda akainuka akatoka nje. Mfuate. Usimwambie ajikaze, amejikaza tangu mwaka jana. Akilia, kaa chini pembeni yake ulie naye. Binti yenu hakukaliwa matanga. Mkae ninyi wawili.