Fomu Isiyo na Jina

Dada Zuhura,

Shikamoo. Mkono umeandika kabla akili haijakumbuka kwamba hutaniitikia.

Jumanne ulifunga semina ya walimu ukicheka, ukakusanya fomu za tathmini, ukasema, "Rehema, Alhamisi tukae tuandike ripoti." Alhamisi alfajiri nikapigiwa simu. Presha, wakasema. Ulifika hospitali ya Utete umeshatutoka. Mpaka leo, kabla sijaingia chumba cha kompyuta, nachungulia kwanza.

Baada ya arobaini, mkuu wa shule akanipa bahasha yako. Kazi nilijifunza kwako, akasema, basi ripoti niimalizie mimi. Nikafungua. Ya juu kabisa ilikuwa fomu yangu! Sikuweka jina, dada. Niliijaza kwa hasira, kwa vile kwenye semina hukunipa nafasi ya kusema. Niliandika: "Tumefundishwa kuwavuta wanafunzi waje kusoma kompyuta. Kwa nini wanaacha, mwezeshaji hajui." Pembeni umeandika kwa penseli: "Mwandiko wa Rehema. Kasema kweli. Twende wote Ruaruke tukamuulize Mwajuma."

Nilikaa chini, sakafuni. Ulikwisha kuisoma, na bado Jumatano ulinifungia maandazi niwapelekee wanangu.

Ruaruke, kijijini kwao Mwajuma, nimekwenda peke yangu. Nilimkuta Mwajuma uani akipeta mchele. Nikamuuliza kwa nini kaacha somo, naye ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Hakuinua macho. "Mwalimu, siku ile nilipouliza faili nililohifadhi limekwenda wapi, ulicheka. Darasa zima likacheka. Sikuweza tena."

Mimi! Mimi niliyekuandikia kwamba hujui. Tangu siku hiyo najaribu kukikumbuka kicheko hicho. Sikikumbuki, dada. Wallahi sikikumbuki. Wewe ulikuwa umesikia? Ndiyo maana ulitaka twende wote? Sina wa kumuuliza.

Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Kwenye ripoti nimeyaandika yote, safari hii na jina langu. Mkuu aliisoma mara mbili, akaitia sahihi.

Mwajuma alirudi Jumatatu, akakaa karibu na mlango. Jana kanyoosha kidole, kauliza swali. Nikaenda hadi kwenye meza yake, nikamjibu.

Pumzika, dada yangu. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi: mwanafunzi atakayeacha somo langu nitamfuata kwao nikamuulize, hata kama jibu ni mimi.

Mdogo wako,
Rehema