Kivuli Kinachoelekea Kilimani

Jumatatu, 5 Juni 1995. Bariadi.
Mwaka wa ishirini na moja tangu tuhamishwe kutoka Bukundi. Nyumba zilibomolewa, wenzangu wakaenda kijiji kipya, mimi nikaja huku. Nataka kuuchora mji wa baba, nyumba na zizi lake, kabla haujafutika kichwani. Jirani yangu, Mwalimu Novatus, kasema mkono bado haujaiva: nianze na maumbo. Duara ligeuke mpira. Kopo. Pia, ile ya kuchezea watoto, yenye ncha. Msonge wa baba, nyumba ya duara, ni kopo lililovishwa pia — kumbe ni hayo tu! Mke wangu Felisita kapita na ungo, akauliza mayai haya yataanguliwa lini.

Jumatano, 7 Juni.
Kivuli kinanishinda. Napaka kila mahali, mpira unakuwa kaa lililozimika. Novatus: amua kwanza jua liko wapi, ndipo penseli iguse karatasi. Nimeweka limau dirishani, nalitazama tangu asubuhi.

Alasiri kaja Mahona, mtoto wa marehemu mdogo wangu. "Mwadila, baba mkubwa," kanisalimu kwa lugha yetu. Kaleta sukari. Hajawahi kuleta hata chumvi. Siku hizi pamba inanunuliwa na watu binafsi, na kampuni moja inatafuta eneo la ghala kule kwetu. Anataka Jumapili nisimame mbele ya wazee wa kijiji, nionyeshe kaburi la baba. Mwenye mji huzikwa langoni mwa zizi lake; lilipo kaburi, ardhi ni ya ukoo huo, naye ataweza kuiuzia kampuni. Kaniachia picha: lundo la mawe, yeye kando, kilima nyuma.

Lakini sukari? Na kwa nini mimi, si dada yangu Scola anayeishi huko huko?

Ijumaa, 9 Juni.
Nimeinakili picha kama zoezi. Mawe ni mipira, kilima ni pia, Mahona kopo refu. Jua liko wapi? Kivuli chake kirefu, kinaelekea kilimani. Alipopita nikamwuliza, kwa upole, walipiga picha wakati gani. Jioni, kasema, jua likizama. Kisha wakageuza gari.

Jioni kivuli huenda mashariki. Basi kilima hicho kiko mashariki. Chetu kiko magharibi. Labda nimesahau? Hapana. Ng'ombe walirudi jioni wakitokea kwenye jua, na jua lilikuwa limekaa juu ya kilima.

Mawe yale ni ya baba wa mtu mwingine.

Jumamosi, 10 Juni.
Nimemwuliza Mahona mbele ya Felisita, kaburi la babu yake hasa liko wapi. Kainama. Limelimwa, kasema, zamani. Ni matuta ya pamba tu. Shangazi Scola alikataa kusema uongo.

"Mawe ni mawe, baba mkubwa. Wewe ukisema, watakubali."

Na wenye kaburi wahamie wapi, nikauliza. Kasema gari litanifuata alfajiri.

Jumapili, 11 Juni.
Gari liko nje, linaunguruma. Felisita katoka na ile sukari, namsikia akimwambia Mahona aichukue. Mahona anaita jina langu. Mchoro uko mezani: kilima magharibi, msonge, zizi. Langoni sijachora kitu. Sitarudi Bukundi.