Mama Mdogo Anajitaja Kutoka Mbali

Abuku, Koboko
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Shafiki,

Salaam aleikum kutoka kwetu wote. Afya yako iko namna gani huko Iraki? Jua bado inakuchoma kwa ile geti unalinda? Mgongo yako imepona? Sisi iko wazima, alhamdulillahi, na mihogo iko mingi mwaka huu.

Ile fomu ya kazi ya ulinzi ulituma, rafiki yako Yakani aliniletea. Niliruka kwa furaha! Bunduki ya kweli, kaka! Lakini ngoja kwanza nikueleze.

Unajua mimi na gemu ya vita. Pale mtaa wa Oli, kwa kibanda ya gemu ya yule kijana Hakimu, hakuna mtu ananishinda. Basi mwenyekiti wetu Anguzu akaita mkutano, anataka kibanda ifungwe, ati gemu inatia vijana damu kichwani. Mimi nikasimama: "Mzee, wale wezi wa sokoni walishika padi ya gemu lini?" Watu wakacheka, hata yeye akacheka. Kibanda haikufungwa. Nilijiona wakili!

Wiki ile ile nikaja hapa kwa mama mdogo Rehemah kung'oa mihogo shambani. Saa saba mchana. Hakuna upepo, ndege zote kimya. Nikajikuta natembea nimeinama, panga mkononi, napima kila kona kwanza, kama kwa gemu. Sijui nilianza saa ngapi. Majani ikalia shaa nyuma yangu. Kaka, mkono iligeuka kabla mimi sijageuka. Panga ikapita.

Ilikuwa mama mdogo, ananiletea maji. Panga ilipasua jerikeni ile amebeba kichwani. Maji yote ikamwagika kwa uso yake.

Alicheka! "We Ramathan, hata maji unaua? Kama unataka kuniogesha, si ungesema?" Nikacheka pia. Lakini kitu moja inanitisha: mkono ilipoenda, sikusikia hasira. Sikusikia kitu. Kidole gumba tu ilikuwa inabonyeza mpini wa panga, inabonyeza, inabonyeza.

Mama mdogo hakuambia mtu. Lakini tangu siku ile haji kwangu kimya. Kutoka mbali anaita, "Ramathan, ni mimi, Rehemah. Naja." Hata kama nimekaa nakula. Na mtoto yake Latifah, wa miaka mitatu, ameshika maneno hayo pia. Anasimama kwa mlango: "Ni mimi. Naja." Anafikiri hiyo ndio salamu yangu.

Labda ni gemu, labda ni jua, labda ni mimi tu. Anguzu akiita mkutano tena leo, mimi nakaa chini. Wewe unashika bunduki kila siku: huko pia watu wanajitaja kabla ya kukukaribia? Niambie ukweli.

Fomu yako iko ndani ya bahasha hii. Haina jina yangu.

Mama mdogo, Yakani na shangazi Latifah, ule mkubwa wa Koboko mjini, wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na mkono yako pia ailinde.

Naacha hapa, chai inakuja. Nasikia sauti kwa njia.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda,
Ramathan