Siku Ng'ombe Walipotoka Kwenye Magadi

Basotu, 9 Agosti 1955

Kwa kaka Gervasi, Tlawi.

Shikamoo kaka. Baba na mama hawajambo? Na mguu wa Tekla umepona? Mimi ni mzima, ila upepo wa huku unakausha midomo.

Kaka, ile kazi uliyoniombea kwa fundi Yahaya ni ya kulinda injini ya boti ya Bwana mwenye shamba. Ina kipulizio kinachoisindilia hewa kwa nguvu, ndiyo maana boti inaruka. Lakini joto lake ni kali. Inapozwa na maji ya ziwa, na maji yakikatika kidogo tu, pistoni zinayeyuka. Ilishaungua mara moja. Bwana akasema ikiungua tena, Yahaya na mkewe Mwantumu watahama shambani siku hiyohiyo. Na Mwantumu ana mimba kubwa.

Kwa hiyo hatuwashi wakati ng'ombe wanakunywa, maana wanavuruga tope. Tunangoja maji yatulie.

Jumapili alikuja mgeni na boti yake, akabishana na Bwana boti ya nani ina mbio, wakaamua kushindana. Asubuhi hiyo ng'ombe walirudi kutoka kulamba magadi Balangida, wana kiu, wakajaa ziwani mpaka maji yakawa kama uji wa ulezi. Yahaya akamwomba Bwana wangoje mpaka mchana. Bwana akacheka, akamwuliza kama siku hizi anapewa amri na ng'ombe. Mimi nikapandishwa nyuma kuangalia saa ya kupimia joto la injini.

Tulianza vizuri, tukawa mbele. Halafu maji ya kupoza yanayotoka ubavuni mwa boti yakawa membamba kama mkojo wa mbuzi. Mshale ukapanda. Nikamgusa Bwana bega, akanisukuma mkono. Injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko. Unanijua kaka, mimi hata salamu kwa Bwana naitoa nikiangalia chini. Nikamfikiria Mwantumu.

Nikafunga koki ya petroli.

Boti ikalala katikati ya ziwa. Mgeni akapita anapunga kofia. Bwana akageuka taratibu, akauliza, "Nani amezima?"

Nikasema, "Mimi, Bwana. Si Yahaya."

Tuliporudi ufukweni Yahaya akafungua chujio, limejaa tope na mavi ya ng'ombe. Akaizungusha injini kwa mkono, ikazunguka laini. Bwana aliona. Akaniambia tu nisionekane tena shambani kwake.

Ndiyo hivyo kaka, nimefukuzwa, na wewe ndiye uliyeniombea. Barua naituma na lori la Dongobesh, mimi nakuja nyuma yake kwa miguu. Najua baba atauliza nimeharibu nini. Mwambie kabla sijafika: injini ni nzima, na Yahaya yupo kwake.

Nisalimie wote, na yule ndama mwekundu.

Ni mimi mdogo wako,
Hermani