Picha Niliyoibandika Laare

Meru mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani. Goti la kushoto linaendeleaje na baridi ya Runyenjes? Mama aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kushuka hadi kwenye kahawa bila fimbo, na kwamba akikukataza unajifanya hukusikia. Baba, najua masikio yamechoka kweli, lakini najua pia unayatumia unavyopenda. Tafadhali shika fimbo. Sisi huku tu wazima. Mke wangu alishikwa na mafua wiki mbili zilizopita, yamekwisha. Watoto wanasoma vizuri, ila yule mdogo anasoma akiwa amelala kifudifudi na hakuna anayeweza kumkalisha.

Barua yako nimeipata kutoka kwa dada Wanjira alipopita hapa. Umeniuliza jambo ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu: kazi yangu siku hizi ni ipi hasa. Unasema watu wa kanisani wakikuuliza unawajibu kwamba natoa nyimbo, nao wanasema hawajaona wimbo wowote. Nitakueleza kwa mpangilio, shajara zangu zikiwa hapa mezani. Kisha nitakueleza kosa nililolifanya mwezi huu.

Unakumbuka nilivyomaliza kidato cha nne nikaenda Nairobi kubeba katoni za kanda katika kampuni ya muziki. Kutoka stoo nilihamia mauzo, na baadaye nikawa meneja wa nyimbo zote zilizotoka upande wetu wa Mlima, za Kiembu, za Kimbeere na za Kimeru. Mimi ndiye niliyeamua nani arekodiwe na nani asubiri. Kwaya yako iliporekodiwa ulifurahi sana. Sikukuambia wakati ule kwamba niliwaficha wakubwa wangu kuwa mwalimu wa kwaya ile ni baba yangu.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya majalada. Mwimbaji alikuja na picha moja, amevaa suti ya kuazima. Tulimkata kwa kompyuta tukambandika mbele ya maporomoko ya maji, au ndege, au nyumba ya ghorofa yenye bustani. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja wa Kiritiri tulimbandika kwenye theluji, na jirani zake wakawa wanamuuliza Ulaya alirudi lini.

Kisha watu wakaanza kupata nyimbo kwenye simu. Kanda zilikufa, sidii zikafuata. Mwenye kampuni alituita asubuhi moja, akatushukuru mmoja mmoja kwa jina, akafunga mlango. Sikukuambia kwa mwaka mzima. Niliona aibu, kwa sababu uliwahi kuniambia watu hawataacha kuimba. Na kweli hawakuacha kuimba, Baba. Waliacha kununua.

Nilikuja Meru kwa kuwa waimbaji wengi niliowajua walikuwa huku. Mmoja wao, mama mwenye sauti nzito, aliniomba niziweke nyimbo zake mtandaoni. Zikasikilizwa hadi na watu wa mbali. Mumewe anatotolesha vifaranga. Siku moja tukinywa chai kwao akaniambia, "Sauti ya huyu umeifikisha kwa watu wasiomjua. Vifaranga wangu wana kosa gani?" Nikampigia picha vifaranga wake, nikaandika maneno machache, nikaweka mtandaoni. Wiki hiyo waliisha wote. Kazi ya sasa ilianzia hapo. Mwenye biashara ananiita, napiga picha, naandika tangazo, na wanaohitaji bidhaa yake wanamwona kwenye simu zao na kumpigia. Nina wafanyakazi wawili na chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Ukiulizwa kanisani, unaweza kusema natangaza biashara za watu.

Sasa kosa lenyewe.

Kuna mzee wa Laare anayekodisha mahema, viti na spika kwa sherehe. Watu humwita Baba Kendi, kwa jina la bintiye mkubwa, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote niliowahi kupata. Alhamisi moja alinipeleka kwenye sherehe ya jirani yake, ambako mahema yake yalikuwa yamesimamishwa, nipige picha za kutosha. Nilimpiga Kendi akigawa chai, gauni lake la kijani limekaa vizuri. Upande mwingine nilimpiga kijana mtanashati aliyeshika mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba, ameunyoosha mbele kwa mikono miwili kwa heshima kubwa. Niliona ni zawadi nzuri.

Ofisini Ijumaa niliona kila picha ina upungufu peke yake. Mkono ukarudia kazi yake ya zamani. Nilimkata Kendi nikaiondoa sinia, nikamsimamisha mbele ya yule kijana, hema jeupe nyuma yao, na chini nikaandika kwamba heshima ya familia huanzia chini ya hema letu. Utaratibu wangu ni kumwonyesha mwenye kazi kila picha kabla haijatoka. Ijumaa hiyo sikumwonyesha, niliiweka mtandaoni moja kwa moja. Nilitaka kumfurahisha kwa ghafla.

Baba, ule mzigo ulikuwa ncoolo. Sisi wa Embu tukienda kuomba binti wa watu tunabeba pombe ya asali. Watu wa huku wanabeba miraa iliyochaguliwa na kufungwa kwa namna yake, na baba wa binti akiufungua mzigo huo, amekubali. Lugha zetu zinakaribiana sana, nami kwa miaka yote hii nikadhani nikielewa maneno nimeelewa na mengine yote. Nilikuwa nimeitangazia Laare nzima kwamba Kendi ameposwa, na mposaji ni kijana ambaye hata jina lake halijui.

Ubaya zaidi, Kendi alikuwa na mchumba wa kweli, Mutuma, fundi wa umeme, na wazee wa kwao walikuwa waje na ncoolo yao Jumamosi iliyofuata. Kila mtu Laare alijua, isipokuwa mimi.

Kufikia Jumapili picha ilikuwa imepita simu zote. Baba Kendi alinipigia akaniambia kwa sauti ya chini niende. Nilifika Jumatatu asubuhi. Mama Kendi hakuitika salamu yangu. Kendi aliniletea kiti mwenyewe, akakaa mbele yangu.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniposa kwa kompyuta," akasema.

Nikamwambia nasikitika sana.

"Angalau ungenitafutia mrefu."

Hakuwa anacheka. Nilipouliza kama amezungumza na Mutuma, mama yake ndiye aliyenijibu, kwamba Mutuma amezima simu tangu Jumapili, na Kendi naye amekataa kumtumia mtu. Kendi akasema, "Kama anaamini picha kuliko mimi, akae na picha."

Nilikuwa nimeshaifuta, lakini kufuta hakukusaidia kitu, kwa sababu watu walikuwa nayo kwenye simu zao. Zamani jalada likiwa na kosa tulirudisha katoni kutoka madukani tukazichoma. Hii haikuwa na katoni. Nikapendekeza niandike tangazo la kusahihisha. Baba Kendi akakataa. Alisema wale ambao hawakuiona wataanza kuitafuta. Akavaa koti, akaniambia tunakwenda kwa baba yake Mutuma, Mzee Kaberia, ng'ambo ya bonde, na kwamba nitazungumza mimi.

Mzee Kaberia ni mtu wa maneno machache. Alitupokea akiwa amesimama, nasi tukasimama. Nilieleza yote, na kwa kuwa sikuwa na ushahidi mwingine nikampa shajara yangu. Unajua naandika kila kitu tangu shuleni. Alhamisi hiyo nilikuwa nimeandika: picha ya kumi na nne, binti wa mteja na sinia ya chai, saa nne, picha ya thelathini na moja, kijana na mzigo wa majani ya mgomba, saa saba. Na pembeni nimeandika, uliza ni nini.

Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akakiweka kidole pale pembeni.

"Uliandika uulize. Kwa nini hukuuliza?"

Nikamwambia nilidhani najua.

Akanirudishia shajara. Nilisubiri anifukuze. Badala yake alivaa kofia akasema, "Picha ilipita kwa simu. Wewe utapita kwa miguu."

Baba, siku hiyo nilitembea soko la Laare kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee Kaberia alikuwa kando yangu. Kila tulipofika kwa wafungaji wa miraa, waliokaa wamezungukwa na majani ya migomba, alisema tu, "Msikilizeni huyu." Nami nikasema kwamba mimi ndiye niliyewaunganisha Kendi na yule kijana kwa kompyuta, na kwamba hawajawahi kusimama pamoja. Nilisema hivyo kwa wafungaji, kwa wanunuzi, kwa mwenye kibanda cha chai, kwa vijana wa boda boda. Mmoja wa hao aliniita baite, kama wanaume wa huku wanavyoitana, akasema, "Basi nitoe kwenye hii pikipiki uniweke kwenye gari." Mama mmoja aliyekuwa anafunga miraa aliuliza bila kuinua macho kama naweza kumuunganisha na mume asiyelewa. Nikamjibu kwamba kwenye picha naweza. "Basi acha," akasema, "wa picha tayari ninaye nyumbani." Wote wakacheka, na nilimwona Mzee Kaberia akigeuza uso ili asionekane naye anacheka.

Alasiri sauti yangu ilikuwa imekwaruza kama ya mwimbaji aliyelazimishwa kurudia wimbo mara kumi. Nilimuuliza kama Jumamosi watakuja. Alisema yeye amesikia alichotaka kusikia, lakini anayeoa si yeye, mwanawe atajiamulia. Akaenda zake.

Siku zilizofuata sikufanya kazi ya maana. Nilikaa na wafanyakazi wangu tukaandika kwamba hakuna picha ya mtu itakayotoka kabla mtu huyo hajaiona kwa macho yake, na kwamba hatukati mtu tena kumweka mahali ambapo hakuwepo, hata akiomba mwenyewe. Mwimbaji mmoja amekwisha kukasirika, alitaka ndege.

Baba Kendi aliniagiza niwe Laare Jumamosi. Nilipofika, Mama Kendi, ambaye bado hakuwa amenisalimu, alinyoosha mkono akachukua simu yangu, akaitia kwenye kikapu cha viazi jikoni. Nikaketi nyuma, karibu na nguzo ya hema. Saa waliyopatana ilifika ikapita. Baba Kendi alihesabu viti ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevipanga, akavihesabu tena. Kendi alikuwa ndani na shangazi zake, na kelele za ndani zilizidi kupungua. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomtazama binti huyu maisha yangu yote nikikutana naye barabarani.

Kisha tukawaona wakipanda kutoka bondeni kwa miguu, wazee mbele, na mmoja wao amebeba mzigo. Mutuma alikuwa nyuma yao, uso wake mzito kama wa mtu anayekwenda mahakamani.

Mazungumzo yalikuwa marefu nami sikuyaelewa yote, safari hii nikamuuliza mzee aliyekaa karibu nami kila nilipokwama. Mwishowe mzigo uliwekwa mezani. Baba Kendi hakuugusa. Alimwita Kendi, akamsimamisha mbele ya watu wote, akamuuliza kama anamjua huyu kijana.

Kendi akajibu, "Namjua. Ni yule aliyezima simu."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Baba Kendi akaweka mkono juu ya mzigo, akauliza, "Nifungue?"

Kendi alimtazama Mutuma badala ya baba yake. Mutuma akasimama, na wazee wake hawakumzuia.

"Niliizima nisiione ile picha tena," akasema. "Kila nikiiwasha, mtu alikuwa ananitumia. Ningekuja kwako Jumapili ile ile. Niliogopa kukukuta unacheka."

"Nilikuwa nalia," Kendi akamwambia. "Fungua, Baba."

Baba Kendi akaikata kamba. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Kendi alipopita na chai aliniwekea kikombe mkononi, akaniita kwa jina kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Ningependa sana kukutumia picha ya uso wa Kendi alipomwambia baba yake afungue. Lakini simu ilikuwa kwenye viazi, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga, kwa hiyo ile saa haipo popote isipokuwa hapa nilipokuandikia.

Nisalimie Mama, umwambie maharagwe yamefika salama na hayakuota njiani. Msalimu kaka yangu mkubwa anayewatunza, na mkewe anayekusomea mwandiko wangu pale unapokushinda. Wasalimu waimbaji wako wa zamani, hasa yule mama wa sauti ya pili aliyekuwa akichelewa kuingia. Watoto wanamwambia babu yao wanakuja shule zikifungwa, nami nitawaleta mwenyewe.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka kila siku,
Njeru